Je, Charlotte ameumwa? Uchambuzi wa kisa cha Vampire Hunter D: Bloodlust

Mkataba unaoianzisha Vampire Hunter D: Bloodlust, filamu ya uhuishaji ya Kijapani ya mwaka 2000, ni mfupi. Charlotte, binti wa tajiri John Elbourne, amechukuliwa usiku na Meier Link, mmoja wa Waungwana, kama wanyonya damu wanavyoitwa katika dunia hii ya miaka elfu kumi na zaidi ijayo. Baba mtu na kaka mtu, Alan, wanamwita mwindaji anayejulikana kwa herufi moja tu, D. Maagizo ni mawili. Binti akiwa bado binadamu, arudishwe nyumbani. Akiwa ameshageuzwa, auawe bila kuteswa. Kazi hiyohiyo imeshakabidhiwa kundi jingine la wawindaji, ndugu wa ukoo wa Marcus, kwa hiyo ni mbio za pande tatu: anayekimbia, anayefukuza kwa heshima ya kazi, na wanaofukuza kwa fedha.

Kuanzia hapo filamu nzima, dakika zipatazo 100, inategemea swali moja ambalo hakuna awezaye kulijibu akiwa mbali: Charlotte ameumwa shingoni, au hajaumwa? Uchambuzi huu unaufuata uamuzi huo mmoja wa mwongozaji, maana ndio uliobeba mengine yote, hata yale yanayoonekana kuwa ya kiufundi tu. Tunaeleza mwisho pia, kwa hiyo asiyeitazama bado ajue.

Ilikotoka

Mwandishi Hideyuki Kikuchi alianza mfululizo wa riwaya za D mwaka 1983. Bloodlust imetokana na riwaya ya tatu, iliyotoka mwaka 1985. Michoro ya vitabu hivyo ni ya Yoshitaka Amano, yule ambaye baadaye ulimwengu wa michezo ya video ulimjua kwa Final Fantasy. Desemba 1985 ilitoka filamu ya kwanza, iliyotokana na riwaya ya kwanza, chini ya mwongozaji Toyoo Ashida na studio ya Ashi Productions, na muziki wa Tetsuya Komuro. Ilikuwa ya dakika 80, iliyolenga hasa soko la kanda za video, na bajeti yake inaonekana waziwazi kwenye picha. Kikuchi mwenyewe hakuficha kwamba ubora wake haukumridhisha, na mashabiki waliendelea kudai toleo jingine.

Mwaka 1997 kazi ilianza upya studio ya Madhouse, Tokyo, akiwa mwongozaji na mwandishi wa skripti Yoshiaki Kawajiri. Huyu hakuwa mgeni kwa Kikuchi. Alikuwa ameshatengeneza filamu mbili kutoka riwaya zake, Wicked City mwaka 1987 na Demon City Shinjuku mwaka 1988, kabla ya kujipatia jina kubwa nje ya Japani kwa Ninja Scroll ya 1993. Alijua mahali riwaya za Kikuchi zinapong'ang'ania kitabuni zikakataa kutoka. Ni mahali patatu: picha za Amano, ukimya wa D, na ufukuzaji usio na katikati.

Picha isiyokubali kutembea

Tuanze na Amano, kwa sababu hapa ndipo filamu ya 1985 ilipokwama, na sababu yake ni ya mikono, haikuwa ukosefu wa kipaji. Mistari ya Amano ni myembamba, inakatika, inaanza kama nywele na kuishia kama moshi. Rangi zake za maji zinavuka mpaka wa umbo na kusambaa. Ukiutazama ukutani ni mchoro wa kukutoa pumzi. Kwenye meza ya uhuishaji ni balaa.

Hesabu yake ni hii. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Katika uhuishaji wa Kijapani mchoro mmoja mara nyingi hupigwa picha kwa fremu tatu, yaani michoro 8 kwa sekunde, au kwa fremu mbili pale mwendo unapotakiwa kuwa laini zaidi, yaani 12. Chukua shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ya sekunde nne: D amesimama upepo ukipeperusha vazi lake. Ni fremu 96. Mwili haujongei, kwa hiyo mchoro mmoja unatosha. Joho liko kwenye tabaka lake, michoro 32. Nywele ziko kwenye tabaka jingine, michoro 32 tena. Jumla 65, kwa mtu ambaye hajapiga hata hatua. Kila mmoja unapita kwa mchoraji mkuu wa shoti, kisha kwa wachoraji wa michoro ya kati, wanaojaza nafasi kati ya michoro mikuu, kisha kwa mkaguzi, kisha unanakiliwa juu ya plastiki angavu, seli, unapakwa rangi kwa nyuma, ndipo unapigwa picha juu ya mandhari.

Sasa weka mstari wa Amano humo. Kwanza, mpaka wa umbo usiofungwa hauna mahali pa kuishia rangi. Anayepaka rangi ataumaliza kwa kukisia, na mwenzake wa meza ya pili atakisia vingine. Pili, mstari mwembamba ukinakiliwa mara 32 na mikono tofauti haupatani unene, na macho ya mtazamaji yanauona ukitetemeka. Tatu, wasiwasi huo unamfanya msimamizi arahisishe: mistari inakuwa minene, mikunjo ya joho inapunguzwa, uso unakuwa wa kawaida. Hivyo ndivyo D wa 1985 alivyoishia kufanana na mashujaa wengine wengi wa katuni za miaka ile, ingawa Amano alihusika na usanifu wa wahusika.

Jibu la 2000 lilitoka kwa Yutaka Minowa, msanifu wa wahusika. Hakujaribu kuiga mstari wa Amano. Alichukua vipimo vyake: miili mirefu kupita kawaida, nyuso nyembamba zenye kope zito, mabega yaliyobeba mapambo mengi, vidole virefu. Kisha akavifunga kwa mistari kamili inayokubali rangi. Ile hali ya kusambaa, ya ukungu na dhahabu iliyofifia, ikahamishiwa kwenye mandhari zilizosimamiwa na Yuji Ikehata, ambazo huchorwa mara moja na hazihitaji kurudiwa. Gharama ya mapambo ikawekwa pale mchoro mmoja unapokaa muda mrefu machoni: kuta za ngome ya Chaythe, ambako safari ya kisa inaishia, madirisha, gari jeusi la farasi la Meier. Na weusi ukafanya kazi kubwa. Joho la D likiwa eneo pana la weusi wenye kingo zilizochongoka, mikunjo ya ndani haihitajiki sana. Mwendo unasomeka kwenye ukingo peke yake. Kwa maoni yetu huu ndio uamuzi bora kuliko yote ya kiufundi ndani ya filamu hii, na watu wengi wanaosifu uzuri wake hawautaji.

Unarudije kwenye swali la Charlotte? Kwa sababu studio ikishajua mahali pa kutumia nguvu, inaweza kuonyesha uovu bila kumwonyesha mwovu. Tazama mwanzo. Gari linaingia mjini usiku, misalaba inajipinda, maua yananyauka, na Meier mwenyewe tunamwona kidogo mno. Mtazamaji anajengewa imani kamili kwamba huyu anayekuja ni mnyang'anyi, na kwamba binti keshapotea. Imani hiyo ndiyo filamu itakayoivunja polepole.

Shujaa asiyesema

Riwaya ina msimulizi. D akikaa kimya kurasa tatu, msimulizi anakuambia jinsi watu wanavyopigwa na bumbuwazi wakimwona, au jinsi hewa inavyobadilika anapopita. Kamera haina ulimi huo. Ukimwacha D kimya kwenye skrini bila msaada, utapata mwanamume mwenye kofia asiye na lolote. Ukimtia maneno, umemuua.

Kikuchi alishaweka ufunguo mwenyewe: mkono wa kushoto. Kwenye kiganja cha D kunaishi kiumbe chenye uso, macho na mdomo, mbishi, mwingi wa maneno, anayemkejeli mwenye mwili wake. Katika Bloodlust mkono huu unafanya kazi tatu. Unasema kile D asichokisema, hasa uchovu na hofu. Unatoa maelezo ya sheria za dunia hii bila kuhitaji mgeni wa kuuliza. Na unamponya: D akizidiwa, mkono ndio unaomrudishia nguvu. D ni dampiri, mtoto wa mnyonya damu na binadamu, na mwili wake unaweza kustahimili jua lakini si bila malipo. Jua likimlimbikizia sana, ghafla anaanguka, hana budi kujifukia ardhini apoe. Udhaifu huu umewekwa katikati ya ufukuzaji kwa hesabu kali, kwani unamsimamisha mtu asiyesimama na kumlazimisha Leila, dada wa akina Marcus, kukaa naye.

Leila ndiye msaada wa pili, na ndiye mhusika aliyebadilishwa kwa faida kubwa zaidi. Ukoo wa Marcus kitabuni ni wakatili kupita kiasi. Kawajiri akawafanya mamluki wagumu lakini wenye upendo wa kindugu. Leila aliwapoteza wazazi kwa sababu ya wanyonya damu, chuki yake ina mizizi, na mazungumzo yake na D yanaleta lile patano lao: kati yao wawili, atakayebaki hai apeleke maua kwenye kaburi la mwenzake, ili asiwepo wa kuzikwa bila mtu. Ni mistari michache tu. D hasemi ndiyo kwa maneno mazito. Lakini tangu hapo ukimya wake una uzito, kwa sababu mtazamaji anajua kuna ahadi ndani yake.

Msaada wa tatu ni mdogo na umekaa vizuri sana: mzee muuza farasi anayemtetea D mbele ya watu wa mji, kwa sababu zamani, akiwa mtoto, D ndiye aliyemwokoa yeye na wenzake. Mzee amekuwa mzee, D yuko vilevile. Umri, upweke na wema wa mtu huyu vimeelezwa kwa dakika chache bila yeye kujieleza hata kidogo.

Katikati ya ufukuzaji

Tatizo la hadithi za kufukuzana ni kwamba mwanzo uko wazi, mwisho uko wazi, na katikati ni barabara. Kawajiri aliijaza barabara kwa walinzi wa Barbarois, kijiji cha viumbe mchanganyiko ambako Meier anakodi watu watatu: Benge anayetumia vivuli, Caroline anayejigeuza, na Mashira mwenye mnyama mwilini. Kila mmoja ana silaha yake, kila mmoja ana pambano lake. Uchoraji wa mapambano ni wa kiwango cha juu kabisa; Kawajiri anajua kukata shoti pale pigo linapoanza na kurudi pale linapokuwa limeshaingia, ili kasi iwe kichwani mwa mtazamaji na michoro ibaki michache.

Hata hivyo hapa ndipo filamu inapovuja. Hesabu majina: D na mkono wake, Meier, Charlotte, Leila, ndugu zake Borgoff, Nolt, Kyle na Grove, Benge, Caroline, Mashira, Carmila mwenye ngome ya Chaythe, baba na kaka wa Elbourne. Ni 15 kwa dakika 100 hivi, chini ya dakika saba kwa kila mmoja hata kama wangegawana sawa, na hawagawani. Nolt na Kyle wanakufa kabla hatujawa na sababu ya kuwalilia. Nyundo na visu vyao vinakumbukwa kuliko wao. Anayeepuka kusahaulika ni Grove, ndugu mgonjwa asiyenyanyuka kitandani, ambaye akidungwa dawa roho yake inatoka mwilini na kupiga kwa mwanga. Sababu ya kukumbukwa kwake ni rahisi kuiona: nguvu yake ina bei. Kila safari inamfupishia maisha, na ndugu zake wanajua. Mwandishi wa hadithi za namna hii akitaka mhusika mdogo akumbukwe, hana haja ya kumwongezea dakika. Ampe kitu kinachomgharimu.

Wakati huohuo ushahidi kuhusu Charlotte unajikusanya, na unajikusanya kwa mpangilio mzuri. Charlotte anaonekana mchana, nje, akiwa mzima. Anasema kwa kinywa chake kwamba aliondoka kwa hiari, kwamba anampenda Meier. Akishambuliwa wakati wa jua, Meier anatoka ndani ya gari na mwili wake unaungua ili amlinde. Hajamgusa shingo. Kwa mnyonya damu huko ni kukaa na njaa mbele ya chakula, siku baada ya siku, kwa sababu ya mapenzi. Mtazamaji aliyeaminishwa mwanzoni kwamba binti keshapotea sasa anataka wafike salama, na bado mkataba wa D haujabadilika hata neno. Hajageuzwa, basi lazima arudishwe. Ndiyo maana mbio zinazidi kubana ingawa mashaka yanapungua.

Carmila

Wapenzi wanaelekea ngome ya Chaythe, ya Carmila, malkia wa zamani wa wanyonya damu, kwa kuwa huko kuna chombo cha kuwapeleka kwenye mji wa nyota ambako aina yao wangeishi huru. Carmila hayumo kwenye riwaya. Ni nyongeza ya filamu, na jina lake linatoka kwa mnyonya damu wa kike katika hadithi ya mwandishi Sheridan Le Fanu ya mwaka 1872. Watu hugombana juu yake. Wanaomkataa wanasema anateka nusu saa ya mwisho kutoka kwa wale ambao hadithi ni yao. Wana haki kwa sehemu. Mandhari ya ngome ni tajiri mno, njozi anazowatengenezea wageni, pamoja na ile ya mama yake D, zinachelewesha mambo, na mzimu unaotaka damu ya bikira ili ufufuke ni mwovu wa kawaida sana kwa filamu iliyotoka kukataa uovu wa kawaida.

Lakini mwangalie kwa jicho la lile swali moja, utaona kwa nini Kawajiri alimhitaji. Bila yeye kuna majibu mawili tu. Ama D anamshinda Meier na kumrudisha Charlotte nyumbani kwa nguvu, na D anakuwa katili. Ama anawaachia, na mkataba unakuwa takataka. Carmila analeta jibu la tatu. Anachukua sura ya Meier, anamuuma Charlotte kupitia njozi, na binti aliyelindwa safari nzima dhidi ya meno anakufa kwa meno ya uongo yenye uso wa mpenzi wake. Swali la mkataba, ameumwa au hajaumwa, linajibiwa kwa namna ambayo hakuna upande uliokuwa umeifikiria. Hakuna wa kumrudisha na hakuna wa kumuua. Meier na D wanapigana bado, kwa sababu Meier hawezi kumwachia maiti ya mpenzi wake, na D anamwacha aende akiwa anaweza kummaliza. Pete ya Charlotte inatosha kuwa ushahidi kwa familia. Chombo kibovu kinapaa kwa shida, Meier akiwa amempakata marehemu, na Leila, aliyekuja kuwaua wote wawili, anakishangilia kisianguke. Mabadiliko yake yote yamo katika kelele hiyo moja, na hayangewezekana kama Charlotte angekufa mikononi mwa yeyote kati ya wanaofukuza.

Tungependa Carmila apunguzwe dakika nane au kumi, na dakika hizo apewe Charlotte. Huo ndio upungufu halisi wa filamu. Mtu ambaye shingo yake ni kiini cha kisa ana mazungumzo machache kuliko mkono wa kushoto wa D.

Sauti iliyotangulia

Jambo moja zaidi linawatatiza watazamaji wengi: lugha ipi ndiyo ya asili? Kwa kawaida uhuishaji wa Kijapani hurekodi sauti baada ya picha, waigizaji wakifuata midomo iliyokwisha kuchorwa, ambayo mara nyingi ina maumbo matatu tu: wazi, nusu, imefumba. Bloodlust ilikusudiwa sinema za Marekani. Sauti za Kiingereza zilirekodiwa California mwaka 1999, Andrew Philpot akiwa D na Michael McShane akiwa mkono wa kushoto, na hata Japani filamu iliingia sinema ikiwa na Kiingereza na maandishi ya Kijapani chini. Sauti za Kijapani zilikuja baadaye, na wakongwe kama Hideyuki Tanaka kwa D, Ichiro Nagai kwa mkono, Koichi Yamadera kwa Meier na Megumi Hayashibara kwa Leila.

Ukitazama kwa Kijapani, basi, ndipo unapotazama tafsiri, na midomo inateleza hapa na pale. Kwa D haisumbui: kofia pana, kola ndefu na uchache wa maneno vinafunika mengi. Kwa Leila na ndugu zake, wanaobishana kwa kasi, mtelezo huo wa midomo unaonekana. Upande wa Kiingereza una udhaifu wake, mistari kadhaa imesemwa kama ya kipindi cha televisheni cha Jumamosi asubuhi, ilhali Yamadera anampa Meier hadhi na uchungu vinavyostahili. Anayeitazama mara ya kwanza aanze na Kiingereza, ambacho picha ilitengenezwa nacho pamoja na muziki wa Marco D'Ambrosio. Mara ya pili asikilize Meier wa Kijapani.

Mpango wa Marekani haukuzaa fedha. Ilipoonyeshwa huko mwaka 2001 ilikuwa kwenye sinema chache mno na ikakusanya zaidi kidogo ya dola 151,000. Iliishi kwa DVD, kwa watu walioisimamisha shoti baada ya shoti kuzikagua mandhari za Ikehata.